Bi harusi haokotwi saluni

Mdogo wangu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, na kwenye kamati mimi nimeangukiwa na usafiri. Ukumbi, chakula, mapambo na vinywaji vina wenyewe, na watu huvigombania. Usafiri hupewa yule ambaye hakuwepo siku kazi zinagawanywa, nami siku hiyo nilikuwa zamu. Baba mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti, alinipigia jioni akaniambia kwa sauti ya kunipa pole, "Mwanangu, wewe Dar unaijua, utatupangia magari."

Tungekuwa tunaishi Sinza na ndoa inafungwa Sinza, ningemaliza kwa nusu saa. Sisi ni watu wa Kibada, Kigamboni. Kanisa ni Azania Front, pale Kivukoni, lile la Wajerumani la mwaka 1902 lenye paa la vigae vyekundu. Ukumbi uko Mikocheni. Kati ya nyumba ya baba na madhabahu pana maji ya bahari, na maji hayo unayavuka kwa pantoni au kwa daraja, basi.

Cha ajabu, kikao cha Jumapili hakikugusa maji hata kidogo. Kiliongelea V8. Mjomba ana rafiki mwenye V8 nyeusi, na kwa Mjomba harusi isiyo na V8 ni kipaimara. Nilipotaja Alphard akacheka. "Hilo ni gari la kupeleka watoto shule." Nikamwambia, Mjomba, gauni la huyu mtoto lina pete za waya chini, na V8 ina kidaraja cha kupandia. Atainua mguu vipi mbele ya wakwe? Alphard mlango wake unateleza pembeni, sakafu iko chini, anaingia kinyumenyume, anakaa, matroni anakusanya gauni, mlango unafungwa. Kiyoyozi kinafika hadi nyuma, na saa saba mchana Kurasini kiyoyozi si anasa. Mjomba akasema tutalijadili. Maana yake hajakubali.

Mimi V8 sina ugomvi nayo. Ila nimehudhuria harusi za kutosha kujua kwamba gari la maharusi hutazamwa dakika chache tu, likifika na likiondoka. Wakati huohuo shangazi zetu wamekaa kwenye daladala ya kukodi isiyo na feni, imesimama Bendera Tatu, wanajipepea kwa kadi za mwaliko.

Vijana wa kamati wao walitaka pantoni. Na hapa lazima niseme ukweli wa moyo wangu: mimi pia naitaka. Mdogo wangu amesoma sekondari ng'ambo, ameivuka ile feri asubuhi na jioni na sare yake ya shule, amebanwa na bodaboda, matenga ya samaki na kinamama wa maandazi. Nikimfikiria amesimama palepale na gauni jeupe, na pantoni zima likimpigia vigelegele watu wasiomjua, nasisimka. Mpiga video alikuwa ameshaanza kueleza atasimama wapi. Tena ukishashuka Magogoni, kanisa unaweza kulifikia kwa miguu.

Tatizo si kuvuka, kuvuka ni dakika chache. Tatizo ni foleni ya magari ya kusubiri kuvuka, ambayo haina mwenyewe. Kuna Jumamosi utafika uingie moja kwa moja, na kuna Jumamosi utakaa hadi uanze kusalimiana na wauza karanga kwa majina. Mchungaji ametupa saa nane, na saa tisa kuna ndoa ya watu wengine. Bi harusi akichelewa, anayepunguziwa ni yeye: nyimbo zinakatwa, mahubiri yanafupishwa, picha za ndani zinapigwa kwa kukimbizana.

Basi nikaleta wazo nililodhani ni la akili sana. Siku hizi mabibi harusi wengi wa mjini hawatokei nyumbani, wanatokea saluni. Avuke asubuhi na mapema kwa miguu kama abiria yeyote, amejitanda khanga, apambwe saluni ya Posta, avalishwe hapohapo, na gari limchukue mlangoni hadi kanisani. Daraja hatuligusi, foleni ya magari hatuijui. Nikatazama huku na huku nikisubiri sifa.

Mama mkubwa alikuwa amenyamaza tangu kikao kianze. Akavua miwani. "Bi harusi haokotwi saluni," akasema. "Anatoka kwa baba yake. Anaombewa kwenye hiki kizingiti, anatolewa na shangazi zake, ndipo aende huko kwenu Posta."

Hakuna aliyeongeza neno. Mjomba mwenyewe alikunja karatasi yake. Nami, nikisema kweli, niliona aibu kidogo kisha nikafurahi, kwa sababu baada ya sentensi ile mpango ulijipanga wenyewe. Bi harusi anatoka nyumbani, kwa hiyo ni daraja. Na kama ni daraja, anayevuka kwa pantoni alfajiri si yeye ila mpambaji. Nimeshaongea naye: atapanda na begi lake la vipodozi kabla jua halijachomoza, bajaji itamsubiri upande wetu, na saa moja awe ameshaanza na wasimamizi. Amekubali, akaomba tu chai iwepo.

Daraja la Nyerere watu wa Kigamboni tumelizoea sasa, lakini kabla ya Aprili 2016 harusi kama hii ingekuwa mtihani kweli. Ilikuwa pantoni, au kuzunguka mbali kwa barabara kupitia Kongowe. Daraja lenyewe ni mita 680 tu, njia sita, unalipa pale getini na unapita. Shida inaanza ukishalipita. Kurasini ni ya malori ya bandari, na kontena halijui kama leo kuna harusi. Kisha Barabara ya Kilwa, Bendera Tatu, Stesheni, unashika Sokoine hadi Kivukoni. Njia za mwendokasi zile za katikati ni marufuku, nimewaandikia madereva kwa herufi kubwa, maana msafara wa harusi ukiwasha hazadi hujiona umepewa nchi. Tunaondoka Kibada saa sita na nusu. Tukifika mapema tutakaa chini ya miti pale mbele ya kanisa. Sijawahi kusikia harusi iliyoharibika kwa kuwahi.

Matarumbeta nimeyatoa kwenye safari ya kwenda. Pikapu yao itatusubiri kanisani, na watapiga kutoka hapo hadi ukumbini, kwa Barabara ya Barack Obama na Daraja la Tanzanite. Sharti langu ni moja: pale hospitali ya Ocean Road na pale ya Aga Khan wananyamaza. Kiongozi wao akaniambia hilo wanalijua siku zote, hakuna haja ya kuwaambia. Nikamheshimu zaidi. Picha za ufukweni Coco nimezifuta, mpiga picha amenuna, atapona.

Fedha iliyookolewa kwenye V8 (ndiyo, rafiki wa Mjomba alikuwa anataka "mafuta na asante", na ile asante ilikuwa nene) nimeipeleka kwenye Kosta. Nimechukua mbili badala ya daladala, kwa watu wazima na wageni wanaotoka Moshi. La muhimu zaidi, nimezilipia kwenda na kurudi. Hapo ndipo kamati nyingi hukwama. Kwenda kila mtu anakupangia. Saa saba usiku MC ameshaaga, viti vinakunjwa, na bibi mwenye miguu inayouma anaulizwa kama ana namba ya bodaboda. Kosta ya kwanza itaondoka Mikocheni saa nne na nusu, mara baada ya chakula na zawadi, kwa wazee na wenye watoto. Ya pili itaondoka muziki ukiisha. Baba mdogo alipinga ile ya saa nne na nusu, akasema itapunguza watu ukumbini. Mama mkubwa akamuuliza yeye atapanda ipi. Akasema ya kwanza.

Leo jioni nimetuma orodha kwenye kundi la familia: nani gari gani, dereva nani, anatoka wapi. Mjomba ameweka kidole gumba bila maneno. Kisha mtu wa chakula akanipigia simu. Anataka idadi ya mwisho ya sahani, na anasema kamati ya chakula imempa idadi ya kadi tu. Je, madereva wana kadi? Hawana. Matarumbeta wana kadi? Nao hawana. Nimehesabu naye kwenye simu, wa Alphard, wa Crown ya bwana harusi, wa Kosta mbili na matingo wao, wa pikapu na vijana wake wote wa matarumbeta. Amesema atawatenga mapema, kabla ya meza kuu, ili wasiendeshe na njaa. Sasa nasubiri mweka hazina aniulize hizo sahani zimetoka wapi.