Kisu cha bei mbaya: hela yako imekaa kwenye kiungo, si kwenye makali

Nafanya kazi ghalani. Kutwa nzima nakata maboksi, mikanda ya plastiki inayofunga mizigo, kamba za manila, na ile nailoni nyembamba inayoviringishwa kwenye paleti. Wenzangu wanajua napenda visu, kwa hiyo swali hili haliniishii: inakuwaje kisu cha kukunja kinachoingia mfukoni kiuzwe mara kumi na tano, au hata zaidi, ya kisu kingine kinachoingia mfukoni vilevile? Kuna kitu humo, au ni jina tu?

Kitu kipo, ila hakikai pale wengi wanapokitafuta. Mtu akipewa kisu ghali hupitisha kidole gumba kwenye makali, akaguna. Makali ya namna hiyo hata kisu rahisi kinakuwa nayo kikinolewa vizuri. Hela kubwa imelala pale bapa linapokutana na mpini: kwenye pini ambayo bapa linaizunguka, kwenye washa (vile vipete vyembamba vya kando ya bapa), kwenye loki inayozuia bapa lisijikunje. Mimi hapo napaita kiungo. Anayetaka kujua kama kisu cha bei mbaya kinamfaa, ajiulize kwanza kama kazi yake inahitaji kiungo kizuri.

Kwenye kukata, kisu rahisi hakina cha kuonea aibu. Joseph Opinel alianza kutengeneza visu vyake huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, na hadi leo Opinel namba 8 ni bapa la sentimita 8.5 lililochomekwa kwenye mpini wa mti. Bapa hilo halifiki hata unene wa milimita 2 mgongoni, na limesagwa likawa jembamba kabisa kuelekea makali. Lipitishe kwenye boksi zito la tabaka mbili halafu pitisha kisu ghali chenye bapa la milimita 4, vyote vikiwa vimenolewa sawasawa. Opinel inapita moja kwa moja. Kile kinene kinaingia vizuri mwanzoni, kisha unahisi mkono umekuwa mzito na boksi linaanza kutoa mlio wa kupasuka. Makali hayajakwama hapo. Kilichokwama ni mwili wa kisu, unaojaribu kupenya kwenye mkato mwembamba kuliko wenyewe. Kisu hukata kwa wembamba, na wembamba hauna gharama.

Chuma nacho kina hoja yake, na nakiri kwamba nakipenda. Mwaka 2001 kampuni ya Crucible ya Marekani ilitoa S30V, chuma kilichoundwa mahsusi kwa ajili ya visu, na mtengenezaji visu Chris Reeve alikuwa miongoni mwa walioshauri. Hutengenezwa kwa njia ya unga: chuma kilichoyeyuka hupulizwa kwa gesi kikawa chembechembe, kisha unga huo hushindiliwa kwa joto na mgandamizo mkubwa mpaka unakuwa bonge moja tena. Kwa njia hiyo kabaidi, zile chembe ngumu zinazozuia makali yasilike haraka, zinabaki ndogo na zinatawanyika sawasawa badala ya kujikusanya mafungu. Mwaka 2021 kikaja chuma kingine cha unga, MagnaCut, kilichobuniwa na mtaalamu wa metali Larrin Thomas, nacho kimeunganisha ugumu, ustahimilivu na uwezo wa kukataa kutu kwa namna ambayo zamani ulilazimika kuchagua kimoja ukaacha kingine.

Ghalani tofauti hiyo inaonekana wazi, kwa sababu boksi linakula makali kuliko watu wanavyodhani. Karatasi iliyotengenezwa upya imejaa vumbi na chembe za madini, na kila mkato ni kama kusugua makali kwenye msasa laini. Victorinox yangu, kisu rahisi ambacho chuma chake kina ugumu wa 56 hivi kwa kipimo cha Rockwell, inaanza kuchana badala ya kukata kabla hatujamaliza kontena. Chenye S30V kinafika mwisho wa zamu kikiwa bado kinakata. Ila Victorinox naigusa kwa kinoo kidogo nikiwa nimesimama, mara inarudi. S30V ikishakuwa butu, vinoo vingi vya kawaida vinateleza juu yake tu, maana kabaidi za vanadiamu zilizomo ni ngumu kuliko jiwe lenyewe. Inataka almasi, na inataka subira.

Tena jina la chuma peke yake halitoshi. Kampuni ya Buck imetumia kwa miaka mingi chuma cha 420HC, cha bei ya chini kabisa ukilinganisha na hivyo vya unga, lakini mtaalamu wa matiko Paul Bos aliwatengenezea utaratibu wa kukitia matiko ambao umekifanya kiheshimiwe hata na watu wenye visu vya kifahari. Chuma kizuri kilichotiwa matiko vibaya ni hasara tupu, na kwa macho hutakijua. Halafu kuna pembe ya makali. Majaribio ya Larrin Thomas kwa mashine ya CATRA, ile inayokatakata kadi zilizochanganywa na mchanga laini wa silika, yameonyesha kwamba kupunguza pembe ya makali huongeza sana muda ambao kisu kinaendelea kukata. Pembe unaibadilisha mwenyewe kwenye kinoo, kwa jioni moja. Kwa hiyo chuma ghali kinamlipa mtu anayekata vitu vya kusugua kutwa nzima. Anayefungua bahasha na kukata uzi hatakaa aione tofauti.

Sasa njoo kwenye kiungo. Kisu cha kukunja kimevunjwa katikati kwa makusudi, na ustadi wote wa mtengenezaji ni kulifanya vunjiko hilo lisijulikane. Opinel walilijibu mwaka 1955 kwa pete ya Virobloc, unayoizungusha kwa vidole ili bapa lisirudi. Ni jibu zuri na rahisi, ila linataka mikono miwili, na mti ukilowa unavimba mpaka bapa linagoma kutoka. Mimi mkono mmoja karibu daima umeshika kitu: kona ya boksi, kamba, ngazi. Ndiyo maana kampuni ya Spyderco walipotoa kisu cha Worker mwaka 1981, kikiwa na tundu la duara kwenye bapa la kufungulia kwa gumba na klipu ya kukining'iniza mfukoni, walibadilisha kisu kwa watu wa kazi kuliko chuma chochote kilichokuja baadaye.

Chris Reeve, aliyetoka Afrika Kusini akahamia Boise, Idaho, alikwenda mbali zaidi na kisu chake kiitwacho Sebenza. Aliichukua loki ya mtengenezaji visu mwenzake Michael Walker, ambayo ni ukanda mwembamba wa chuma ndani ya mpini, akaufanya upande mzima wa mpini wa titani ndio uwe loki. Kuna mkato mrefu kwenye titani, na kipande kilichokatwa kimepindwa kidogo kuelekea ndani. Bapa likifunguka, kipande hicho kinaruka nyuma ya kitako chake na kukizuia. Ukikikamata kisu kwa nguvu, kiganja chako chenyewe kinazidi kuibana loki. Kueleza ni rahisi, kutengeneza ndiyo shughuli. Kitako cha bapa lazima kisagwe kwa mwinamo mdogo sana. Mwinamo ukizidi loki inateleza, ukipungua inanata isitoke. Titani ikikutana na chuma ina tabia ya kung'ang'ania, ndiyo maana wengine wanaweka kipande cha chuma kwenye ncha ya loki, na Sebenza 31 ina kigololi cha kauri mahali hapo.

Juzi nilivifungua viwili mezani, Sebenza 21 kubwa na kingine cha bei rahisi chenye umbo linalokaribiana. Cha rahisi kina washa za plastiki, nyembamba kama ukucha, na moja ilikuwa imelika upande mmoja ikawa na kingo kali. Vumbi la boksi lilikuwa limechanganyika na mafuta likawa ugoro wa kijivu. Skrubu yake ya pini haina mwisho unaoeleweka: ukiikaza kidogo kisu kinakuwa kizito, ukiilegeza robo mzunguko bapa linacheza kushoto kulia. Matokeo yake ni uchafu na kubahatisha. Sebenza ina washa nene za shaba, zimeng'aa kwa matumizi, na katikati kuna bushi, kijibomba kifupi ambacho pini inapita ndani yake. Bushi hiyo imekatwa kwa urefu kamili, kiasi kwamba unakaza skrubu mpaka inagoma na bapa linaendelea kutembea laini, bila kucheza hata kidogo. Huhitaji kubahatisha. Nilifuta, nikatia grisi tone moja, nikarudisha, kikawa vilevile kama kilivyotoka. Usahihi wa namna hiyo unatokana na mashine ghali, mikono ya watu wenye ujuzi, na vipande vingi vinavyotupwa kwa sababu vimepishana kidogo na kipimo. Hapo ndipo bei ilipo.

Na si jambo la kupendeza macho tu. Nimemwona mwenzangu loki ikimwachia wakati anachomoa kisu kilichonasa kwenye mkanda wa plastiki. Glavu ndiyo iliyookoa vidole vyake.

Lakini kiungo kizuri hakipatikani tena kwenye visu vya bei ya juu peke yake. Kampuni ya Benchmade walileta loki ya Axis mwaka 1998, pini ya kukingama inayosukumwa na springi mbili, na muda wa hataza ulipokwisha makampuni mengine yakaichukua kila moja kwa jina lake. Watengenezaji wa China kama WE Knife, kupitia visu vyao vya Civivi, wanatoa visu vyenye beringi safi, bapa lililokaa katikati barabara, na loki isiyocheza, kwa bei isiyofika robo ya Sebenza. Nimevitumia kazini na navipa heshima yake. Kutoka kisu rahisi kabisa hadi hapo, kila senti unayoongeza unaiona mkononi. Kutoka hapo kwenda Sebenza, unaongeza hela nyingi kwa tofauti ndogo: kumaliziwa kwa uso wa titani, mtengenezaji anayekipokea kisu chako na kukitengeneza miaka mingi baada ya kukinunua, na raha ya kushika kitu kilichofanywa kwa uangalifu. Raha hiyo siidharau. Mimi mwenyewe niliilipia na sijutii, ila simwambii mtu kwamba itamkatia maboksi haraka zaidi.

Yapo pia mambo yanayoweza kuifuta thamani yote. Uingereza, kwa mfano, unaruhusiwa kutembea na kisu cha kukunja bila kutoa sababu ikiwa makali yake hayazidi inchi 3 na hakina loki. Chenye loki kinahitaji sababu ya msingi. Ukiishi kwenye sheria kama hiyo, umelipia kiungo usichoweza kutoka nacho bila sababu. Na visu bandia vya majina makubwa viko vingi, vimeandikwa S30V ubavuni wakati ndani ni chuma kisichojulikana. Bei ikiwa nzuri mno kwa jina hilo, liache.

Yule mwenzangu wa glavu aliniuliza anunue kipi. Nilimpa Sebenza aishike kwanza, na tatizo likaonekana papo hapo: anatumia mkono wa kushoto, na loki ya upande wa mpini imekatwa kwa ajili ya gumba la kulia. Sebenza za mkono wa kushoto zinatengenezwa, lakini pini ya kukingama inasukumika kwa mkono wowote, na kwa bei hiyo anabakiwa na hela ya kinoo cha almasi. Amechukua ya kukingama, bapa la milimita 3 lililosagwa jembamba.