Siku moja mbele ya jiwe la maji

Saa moja asubuhi. Kabla sijawasha mashine naangalia maji: tangi limejaa, pampu inavuta, mdomo wa bomba umelenga pale pale jiwe linapokutana na kioo. Wapita njia wakiniona nimelowa hadi magotini hudhani kazi yangu ni kuosha vioo. Mimi nasaga kingo. Kioo kikishakatwa ukingo wake ni wembe, na kuna mtu lazima aufanye uweze kupitishwa kidole bila damu. Mtu huyo ni mimi.

Jiwe ninaloanza nalo lina kipenyo cha milimita 150 na mota inalizungusha mara 2,800 kwa dakika. Ukipiga hesabu, ukingo wa jiwe unakwenda kama mita 22 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo hata hewa inazunguka pamoja nalo na kuyasukuma maji pembeni, ndiyo maana bomba huwekwa karibu kabisa. Likihama kidogo tu utasaga kikavu huku umelowa chapachapa. Dalili ni mstari mweupe wa unga kwenye kioo, kisha kimwanga cha rangi ya chungwa pale jiwe linapogusa. Ukifika hapo kioo kimeshapata joto sehemu moja huku kwingine kikiwa baridi, na ufa hauko mbali.

Kuanzia saa moja na nusu: rafu za kioo za unene wa milimita 6. Mawe ya namba 100, 220, 400, 600, kutoka la kukwaruza hadi laini, halafu gurudumu la sufu iliyoshindiliwa na uji wa oksidi ya seriamu, unga wa kung'arishia, mpaka ukingo ung'ae. Ni kurudia tu.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo kijana ninayemfundisha bado linamsumbua. Maji huficha mikwaruzo. Kioo kikiwa kimelowa kinaonekana safi. Ukikikausha, mistari yote ya namba 100 inatokeza. Kwa hiyo kabla ya kubadili jiwe nafuta ukingo kwa kitambaa kikavu, nauelekeza kwenye taa, kisha naupaka wino wa kalamu isiyofutika kwa maji. Jiwe linalofuata lisage mpaka wino uishe wote. Ukibaki hata kidoa, hapo jiwe halijafika.

"Bosi, si inatosha?"

"Umekausha?"

Anarudi kukausha. Leo pia amenyanyua jiwe lililoandikwa D46 akidhani ni la kukwangulia kwa nguvu kwa kuwa namba ni ndogo. Mawe yetu ya kawaida, namba ikipanda punje zinakuwa ndogo. Kwenye mawe yenye herufi D ni kinyume, kwa sababu namba ile ni ukubwa wa punje ya almasi kwa mikroni: D126 ni kubwa, D46 ni laini. Simlaumu. Walioamua mifumo miwili ikae kwenye kabati moja hawakuwahi kushika kioo.

Saa nne na robo sauti ya jiwe inabadilika, inakuwa nyembamba, na najikuta nasukuma. Jiwe limekuwa butu: punje za almasi zimezama ndani ya shaba nyeusi inayozishikilia. Almasi yenyewe ipo, haionekani tu. Nachukua kijiti cheupe cha alumini oksidi, nakibana kwenye jiwe huku maji yakitiririka, kinakula shaba na kuziacha punje zitokeze tena. Dakika mbili. Fundi asiyejua hili hununua jiwe jipya, au husukuma zaidi na kuumegua ukingo wa mteja.

Saa tano anaingia mzee mmoja na kioo cha meza kwenye blanketi.

"Fundi, nipunguzie milimita tano upande huu. Meza mpya ni nyembamba kidogo."

Nakifunua. Kwenye pembe kuna muhuri mdogo, na kingo zote tayari zimesagwa.

"Mzee wangu, hiki ni kioo cha tempa. Hakipunguzwi."

"Milimita tano tu."

Namweleza. Kioo hiki kilipashwa joto kupita nyuzi 600 kisha kikapulizwa upepo baridi. Ngozi ya nje ikaganda kwanza, ndani kukapoa baadaye, na tangu siku hiyo nje kumebanwa na ndani kunavuta. Ndiyo nguvu yake. Jiwe likiipenya ngozi, kinalipuka chote vipande vidogo vidogo.

"Lakini wewe una maji. Si yatapoza?"

Hapo ndipo mtu hujua siku itakuwa ndefu. Namwambia maji yanaondoa joto na unga, hayaondoi mvutano uliomo ndani. Anasema kuna fundi mwingine alikubali. Namuuliza kwa nini hakumpelekea. Kimya. Kisha: "Basi jaribu pembeni kidogo tuone." Tuone nini? Kioo hiki hakina pembeni, kikienda kinakwenda chote.

Alikuwa na miwani ya jua ile inayokata mng'ao. Nikamwomba aivae, nikakiinamisha kioo mpaka taswira ya anga ikaonekana juu yake. "Unaona madoa?" Akayaona, hafifu, yamepangana kwa safu. Yale ni alama za upepo wa kupozea, mvutano wenyewe ukionekana kwa macho. Nilidhani tumemaliza.

"Sasa si usage pale kwenye doa hafifu?"

Alikaa kwenye kiti karibu saa nzima. Alimpigia mwanawe simu, akanipa niongee naye, nikaeleza yote upya. Akasema kikivunjika atabeba hasara yeye. Shida ni kwamba macho yaliyo mbele ya jiwe ni yangu. Mwisho nikampimia meza, nikamwandikia vipimo kwenye karatasi: kioo kipya kikatwe, kisagwe, kitobolewe kama kina matundu, halafu ndipo kiende kwenye tanuru. Aliondoka akisema mafundi wa siku hizi ni wavivu.

Rafu ambazo zingeisha saa sita ziliisha saa nane.

Mchana ni kauri, na hapa saa siziangalii tena. Vyungu vilivyotoka tanuruni vikiwa na matone ya rangi ya kioo chini, na vigae vya kaure, yaani porcelaini, vya kuviringishwa pembe. Kaure ni ngumu na inakwenda polepole. Mikono imekunjamana kwa maji, vidole vimekufa ganzi, mgongo umeshalalamika, na hapo ndipo mkono unataka kusukuma. Kigae humeguka pale jiwe linapotokea, kwa hiyo naanzia pembeni nikiingia ndani, na mwishoni nalegeza mkono. Kila kigae. Ukisahau kimoja, ni kile kitakachokaa mlangoni.

Barakoa sivui, ingawa watu huuliza ya nini na maji yote haya. Udongo wa kauri una kwatsi, ambayo ni silika ya fuwele, na vumbi lake laini hutia mapafu makovu yasiyopona. Shirika la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka silika ya fuwele kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1997. Maji hupunguza vumbi sana, lakini ukungu unaoruka kutoka kwenye jiwe nao una chembe ndani yake.

Jirani kapita na kisu anataka kukinoa "mara moja tu". Hapana. Almasi ni kaboni, na chuma kikipata moto huila kaboni. Kisu kwa kisu, jiwe linaharibika.

Giza limeingia, nasafisha. Tope la kioo halimwagwi kwenye mtaro, linaganda na kuziba mabomba. Naliacha litulie, nachota maji ya juu, tope naliweka kwenye ndoo. Sakafu inapigwa deki ikiwa bado imelowa, maana tope likikauka linarudi kuwa vumbi, na ufagio ungelirusha lote puani. Jiwe la kijani la silikoni kabidi nimelifungia maji na kuliacha lizunguke mpaka likauke, kwa kuwa likilala nusu majini hunyonya upande mmoja na kesho litatikisika.

Simu imeita nikiwa na ufagio wa maji mkononi. Ni yule mzee. Amekubali kioo kisipunguzwe, sawa, ameelewa. Anauliza kama naweza kutoboa shimo moja tu kwenye kile kile kioo.