Hakumkemea, Hakumpiga, Hakumtukana

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Muawiya bin al-Hakam as-Sulami alikuwa mgeni katika Uislamu. Akiwa anaswali nyuma ya Mtume (s.a.w.), mtu akapiga chafya, naye akamjibu kwa sauti, "Yarhamukallah." Watu wakamkodolea macho. Akawauliza wana nini, wakaanza kujipiga mapaja kwa viganja ili anyamaze. Yeye mwenyewe ndiye aliyesimulia, katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, kwamba hajapata kuona mwalimu bora kuliko Mtume, kabla yake wala baada yake: hakumkemea, hakumpiga, hakumtukana. Alimweleza tu kwamba maneno ya watu hayafai ndani ya swala.

Nimeileta kwa ajili ya watoto wetu wanaosomea uuguzi, ukunga na utabibu hapa Mombasa, hawa tunaovuka nao feri ya Likoni alfajiri wakienda wodini. Baada ya darsa husimulia, na visa vyao vinafanana. Mwanafunzi kashindwa kuupata mshipa, sista mkubwa anampokonya sindano mbele ya mgonjwa na jamaa zake: "Nani kakudanganya uje kusomea kazi hii?" Wanameza, maana huyo anayewatukana ndiye anayetia saini kile kitabu cha kazi walizofanya wodini.

Tazameni lakini: Mtume hakuliacha kosa lipite. Mwanangu, ukiambiwa umetoa dawa bila kuhakikisha jina la mgonjwa, hujadharauliwa. Umefundishwa, hata kama sauti ilikuwa kali. Mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi: hapo hakuna kubembelezana. Ama kuambiwa huna akili, au kuchekwa kabila lenu au mtandio wako, hayo hayamfundishi mtu kitu. Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 11, Mwenyezi Mungu amekataza watu kuwadharau wenzao, kwani huenda wakawa bora kuliko wao. Hakumtoa mwenye cheo katika katazo hilo.

Na madhara yake hayaishii kwenye machozi ya mwanafunzi. Aliyetukanwa jana, leo hatauliza. Atakuta mwandiko wa daktari hausomeki, ni 0.5 au ni 5, naye atakisia, kwa kuwa kuuliza ni kujitafutia matusi. Nukta moja tu, na dawa imezidi mara kumi. Atakayeumia ni mama wa watu aliyetoka Kwale kwa nauli ya kukopa.

Tumezoea kuwaambia vijana, "Subiri, ndiyo dunia." Subira ni ibada, silipingi hilo. Lakini Surat Ash-Shura, aya ya 40, inamwahidi ujira anayesamehe na kusuluhisha, na aya inayofuata inasema aliyejitetea baada ya kudhulumiwa hana lawama. Yote mawili ni halali kwako. Usijibizane naye mbele ya mgonjwa. Zamu ikipoa mfuate pembeni, umwambie: "Sista, nikikosea niambie, nitarekebisha, lakini naomba usinitukane mbele ya wagonjwa." Wapo wanaojirudi kwa neno hilo tu. Akiendelea, andika siku, saa, maneno yenyewe na nani alikuwapo, upeleke kwa mkufunzi wako wa chuo, na usiende peke yako. Usiogope kwamba unasengenya. An-Nisaa, aya ya 148, imemtoa aliyedhulumiwa katika katazo la kutangaza ubaya.

Nanyi mainchaji, wakuu wa wodi, na madaktari mnaoswali nasi, twajua wodi zinavyofurika na mnavyotoka zamuni hoi. Kuchoka huko hakuhalalishi ulimi. Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka 10 tangu akiwa kijana, akasema hakuwahi kuambiwa hata "uf", neno dogo la kuonyesha karaha, wala kuulizwa kwa jambo alilolifanya, "Kwa nini umelifanya?" Jumatatu wanafunzi wakiripoti wodini, waulizeni majina yao na muwaite kwayo, na mwenye kukosea mwiteni kando.