Siku Mbili Chini ya Mutuba

Shangazi yangu aliolewa Buganda akitokea Mombasa. Mzee wake alikuwa mtu wa reli, wakikaa Changamwe, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 wakarudi kwao mzee, kijiji kimoja pembeni mwa barabara ya Masaka kwenda Bukakata. Kiswahili hakijatoka nyumba ile hadi leo. Wajukuu hupiga magoti Kiganda, halafu wanasema "shikamoo".

Nilitoka Kampala Ijumaa mchana kwa matatu, ambayo huku huitwa teksi. Ni kilomita 130 hivi mpaka Masaka. Pale Mpambire tukapita ngoma zilizopangwa kando ya lami, Kayabwe tukavuka ikweta, kisha Lwera na mafunjo yake. Nikashukia Nyendo, bodaboda ikanimalizia.

Jumamosi alfajiri ndege aina ya kwarara ndio walioniamsha, wakipita juu ya bati kwa makelele. Shangazi alikuwa keshakaa barazani na birika la chai.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Keti hapa, utulie. Watakuja wenyewe."

Wakaja. Mutuba, ule mtini wa mbele ya nyumba, ulikuwa umezaa, vitini vidogo vimeganda kwenye matawi. Wa kwanza kutua walikuwa ndege wakubwa wa kijivu wenye mdomo wa manjano, wanaocheka kama watu waliosimuliwa kichekesho. Wakafuata hondohondo wawili, mabawa yao yakivuma. Shore na hua walibaki matawi ya chini wakiokoteza. Mtini mmoja, na kila mmoja ana daraja lake mezani!

Shina la mti huo lilikuwa limefungwa majani ya migomba toka chini hadi panapogawanyika matawi. Mzee alikuwa amelivua gome wiki ile. Gome hugongwa kwa nyundo za mbao mpaka linatanuka na kuwa nguo, lubugo, ufundi ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008. Majani yale hulinda kidonda kisikauke, na gome jingine huota. Kuna mtu aliwahi kuja kutaka mti ule akachome mkaa. Shangazi alimkatalia palepale: "Kahawa yangu nitaiwekea mwavuli? Na hawa wale nini?"

Lakini mimi niliganda kwa minana. Walikuwa kwenye mwembe wa jikoni, matundu yakining'inia kama mapambo ya harusi. Dume, manjano tupu na kichwa cheusi, alitua kwenye jani la mgomba, akang'ata ukingo, akaruka. Jani likachanika kwa urefu, akaondoka na utepe wa kijani ukipepea nyuma yake. Akaupitisha huku, akauvuta kule, akakaza. Kisha akajining'iniza kichwa chini mlangoni, akapiga mabawa kumwita jike. Jike akaingia, akavuta nyuzi mbili tatu kuzijaribu, akatoka, akaenda zake. Shangazi akaniambia tundu likishakauka bila kupata mwenyewe, dume hulibomoa kwa mdomo wake na kuanza upya. Migomba ya karibu imechanwachanwa yote, na yeye hawafukuzi.

Saa mbili ngoma ikalia. Mdundo wake una maneno: saagala agalamidde, sitaki mtu aliyelala. Ni bulungi bwansi, kazi ya kijiji kwa uzuri wa nchi, na siku hiyo zamu ilikuwa ya chemchemi. Tulizibua mfereji, tukafyeka njia ya wachota maji, watoto wakasomba mawe. Kila aliyepita alitusalimu "gyebale ko", pongezi kwa anayefanya kazi. Hii salamu naipenda kupita zote: hakupiti mtu mbele ya jasho lako bila kuliona.

Tulipopumzika, yangeyange walikuwa wakifuata ng'ombe bondeni. Mzee mmoja akanieleza kwamba yeye ni wa ukoo wa nnyange, ndege huyo ni muziro wake, hamli. Nnyange, yangeyange, muziro, mzio. Nilimwambia hata pwani tunayo maneno hayo, akanishika mkono asiuachie. Halafu akanyoosha kidole: korongo taji wawili, wale wa bendera ya Uganda, wakishuka kwenye majimaji. Tangu 2012 wamo katika orodha ya viumbe walio hatarini, maana vinamasi vinalimwa. Watu wote waliacha majembe wakawatazama mpaka walipotua.

Jumapili nilifungiwa matoke na parachichi, shangazi akanisindikiza hadi barabarani. Nilishuka Mpambire nikanunua ngoma ndogo ya wanangu. Nikamwomba fundi anipigie ule mdundo. Mwanamke aliyekuwa akiuza gonja, ndizi za kuchoma, jirani akaitikia kwa sauti, bila kuinua macho kutoka kwenye makaa.