Paka wa fleti na nyaya za umeme: kwa mlioko Uingereza

Paka wa Mombasa au Tanga ana ukuta wa kuruka, ana mapaa, ana jalala la jirani. Wa fleti ya Leicester, kuanzia Novemba hadi Machi, ana kochi, dirisha lililofungwa na nyaya. Waya unaoning'inia hutikisika kama mkia wa panya, na plastiki yake laini huridhisha jino. Mtoto wa paka wa miezi 3 hadi 6 anaota meno mapya, kwa hiyo fizi humsumbua. Wengi huacha wakikua. Paka mzima anayeanza ghafla, au anayemeza vipande, aonwe kwanza na daktari wa wanyama, maana huenda tatizo liko kinywani au tumboni.

Kabla hujanunua chochote, zitenganishe nyaya. Ule mwembamba wa chaja ya simu, kipenzi chao, kwa kawaida hubeba volti 5. Wa kompyuta mpakato, baada ya kile kiboksi cheusi, kama 20. Hatari kubwa ya hizo ni vipande kukwama tumboni. Waya wa taa, friji, TV au hita una volti 230. Anzia hapo.

Usiitegemee fyuzi ya kwenye plagi. Ya ampea 3 au 13 imewekwa ili waya usiungue, na mkondo wa kumuua paka ni mdogo mno kuliko huo. RCD, ile swichi ya usalama ya kwenye boksi la umeme, ni bora zaidi, kwani hukata umeme ukivuja kwa miliampea 30. Lakini paka aking'ata kwa pamoja nyuzi zote mbili za ndani, wa moto (unaoleta umeme) na niutro (unaourudisha), umeme hupita kati ya meno yake na kurudi njia yake ya kawaida, na RCD haioni uvujaji wowote. Waya wa taa ya mezani, wenye nyuzi mbili tu, ndio mtego wenyewe.

Kwa hiyo zima. Soketi za Uingereza zina swichi kama zetu za nyumbani, itumie kila unapotoka. Mlioko Ujerumani au Marekani, ambako soketi kwa kawaida hazina swichi, chomoeni plagi au nunueni ekstensheni yenye swichi.

Nyaya zisizoweza kuzimwa, kama wa friji, zivalishwe bomba la plastiki gumu lililopasuliwa kwa urefu. Pima unene wa waya kwanza: wa taa ni milimita 6 hadi 7 hivi, na nyaya nne za nyuma ya TV huhitaji bomba lenye nafasi ya ndani ya milimita 20 au zaidi. Ile plastiki ya kuzungushia kama springi huacha mianya, na jino la paka ni jembamba. Kosa la kawaida ni kuishia sentimita 5 kabla ya plagi. Paka ataanzia hapo hapo. Funika hadi mwisho, funga kwa kamba ya plastiki, kisha kagua kila wiki, maana bomba lenyewe nalo hutafunwa. Waya wa hita usiufungie pamoja na nyingine wala kuukunja: hita ya kilowati 2 huvuta karibu ampea 9, na waya uliobanwa hupata moto.

Dawa chungu ya kupulizia husaidia kiasi. Wapo paka wasioijali kabisa. Zima umeme, ipakaze kwenye waya kwa kitambaa, acha ikauke, rudia kila siku mwanzoni. Mafuta ya limau au mti wa chai usiyaguse, ni sumu kwa paka. Pilipili nayo huishia machoni mwake.

Mpe cha kutafuna. Loweka ngano usiku mmoja, panda kwenye trei yenye udongo; ndani ya siku 7 hadi 10 ana majani. Mchezeshe dakika 10 hadi 15 asubuhi na jioni, kabla ya chakula.

Waya uliokwisha tobolewa hautibiwi kwa selotepu. Tupa, nunua mwingine. Na paka akipigwa na umeme, usimguse kabla ya kuzima soketi au swichi kuu. Hata akiinuka na kutembea, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo: midomo na ulimi huungua, na maji yanaweza kujaa mapafuni saa kadhaa baadaye.