Fidia ya bega la mume wangu, na barua ya shemeji

Mume wangu alipoumia bega kazini, kila mtu alikuwa na ushauri. Jirani: "Msiandike chochote, mtamuudhi bosi." Mwenzake wa kazini: "Ngoja upone kwanza, ndipo udai." Huyu wa pili nina hasira naye mpaka leo. Madai ya fidia yana muda wake: wa kumwarifu mwajiri, wa kufungua madai, wa kukata rufaa, na huo wa rufaa unaweza kuwa mfupi sana. Anayengoja apone anaweza kupona vizuri tu akakuta muda wake umekwisha. Sisi kesho yake asubuhi tulipeleka taarifa kwa maandishi, tukabaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Mume wangu alikuwa akishusha mizigo ghalani. Boksi liliteleza kutoka rafu ya juu, akalidaka, kano za bega la kulia zikachanika. Hospitali walimtibu vizuri, sina lawama, ila aliyempokea aliandika "maumivu ya bega", basi. Hakutaja kazi, wala boksi, wala ghala. Ukurasa huo ndio bima walioushikilia wakatukatalia: hakuna uthibitisho kwamba jeraha limetokana na kazi.

Hapo shemeji akaingia uwanjani. Shemeji ana mwandiko mzuri na anajua kwamba anao. "Rufaa niachieni mimi," akasema. Akaandika kurasa na kurasa! Ilianza "Kwa unyenyekevu mkubwa na machozi yasiyokauka", ikapitia utoto wa mume wangu, ikasimulia nidhamu yake shuleni, ikamwita mwajiri fisi aliyekabidhiwa bucha, ikamalizia kwa dua. Mimi mwenyewe nililia nilipoisoma. Alitusomea kwa sauti baada ya chakula, akisimama kwenye nukta ili tupate nafasi ya kuguna. Majibu yalikuwa sentensi mbili: hakuna ushahidi mpya, uamuzi unabaki ulivyo.

Nikamwambia, shemeji, ahsante sana, sasa pumzika. Bahati nzuri palikuwa na ngazi nyingine ya rufaa.

Shida ya barua ile haikuwa machozi peke yake. Nusu yake ilikuwa ya kuthibitisha kwamba mwajiri ni mtu mbaya, na katika mifumo mingi ya fidia ya kazini hilo halikuhusu kabisa. Tangu sheria ya Ujerumani ya 1884 mapatano yamekuwa hayo: mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kosa la mwajiri, na kwa kawaida yeye naye anaacha kumshtaki. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba umeumia, na umeumia kwa sababu ya kazi.

Basi nikarudi kwa daktari. Alikataa kugusa maandishi ya zamani, na alikuwa sahihi, faili lililofutwafutwa ni balaa. Badala yake aliongeza ukurasa mpya wenye tarehe ya siku hiyo, akieleza kwamba mchaniko ule unalingana na kudaka mzigo mzito mikono ikiwa juu. Nikaambatanisha ratiba ya zamu na maelezo ya wenzake wawili walioshuhudia, kila mmoja kwa maneno yake mwenyewe. Maelezo yanayofanana neno kwa neno yananuka kupikwa. Madai yakakubaliwa.

Nikadhani tumemaliza, kumbe. Daktari alikuwa ameandika mgonjwa afanye "kazi nyepesi", na kampuni ikajibu kwamba kazi nyepesi ipo, arudi ghalani kesho. Nyepesi kwa nani? Hapa nijisifu kidogo. Niliwaomba wale wenzake wapime mizigo. Mizani ya ghala hawakuruhusiwa kuigusa, nikawapa ya bafuni kwetu. Mmoja anapanda mikono mitupu, anashuka, anapanda tena amekumbatia boksi, mwingine anatoa hesabu. Boksi la kawaida kilo 18, lile baya kilo 31. Wakapima na kimo cha rafu kwa utepe wa fundi cherehani, wakahesabu maboksi ya saa moja. Nikayaandika yote kwenye karatasi moja, wakatia saini, nikamwekea daktari mezani. Aliisoma, akacheka, akachukua kalamu: asinyanyue zaidi ya kilo 5 kwa mkono wa kulia, asifikie kitu juu ya bega, asirudierudie mwendo uleule. Barua ya kampuni iliyofuata ilikiri kwamba kazi ya namna hiyo hawana, na malipo ya muda badala ya mshahara yakaendelea.

Siku ya kupimwa asilimia ya ulemavu wa kudumu, yaani kiasi ambacho bega halitarudi kama zamani, watu walimshauri aongeze kuugulia. Nilikataa katakata. Daktari anaanza kukupima ukiwa unavua shati, na bima wanaweza kukupiga picha sokoni umebeba mtoto. Alichokwenda nacho ni daftari tulilokuwa tukiandika kila jioni: usiku alioshindwa kulalia bega, siku aliyoshindwa kujifunga mkanda, na siku nzuri pia. Siku nzuri ziandikwe, ndizo zinazofanya mbaya ziaminike. Na msikubali kipimo hicho kifanyike mapema, jeraha likiwa bado linabadilika.

Wajane nao wasidhani haya hayawahusu. Mkataba Na. 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1964, unataja pia malipo kwa wategemezi wa mfanyakazi aliyekufa, ingawa kila nchi ina sheria yake, na hiyo ndiyo ya kuulizia. Wakili? Sisi tulimtumia mwishoni tu, kusoma hati ya kufunga madai. Malipo yake hayakuwa ya kutisha, na kazi yake ilionekana: alikuta mstari uliosema tunaachilia matibabu yote ya baadaye ya bega lile. Nikagoma kusaini. Bima wakasema ni fomu ya kawaida, kila mtu husaini. Nikasema basi mimi nisubirini. Baada ya kuvutana wakaufuta mstari, pande zote zikatia saini pembeni, na bega lilipofanyiwa upasuaji wa pili bili ilikwenda kwao.