Tiketi ya Addis Ababa: saa na tarehe

Siku ya kwanza Addis Ababa, mabegi mgongoni, mimi na rafiki yangu tulikata tiketi ya basi la Harar. Imeandikwa 11:00, na mwaka wa zamani! Mwenzangu akawaka: tumeuziwa karatasi.

Nikamtuliza. Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia macheo, na kalenda yao ya miezi 13 iko nyuma miaka saba au minane. Kumbe ni saa kumi na moja. Ya alfajiri au jioni? Nikamwonyesha karani kalenda ya simu. Akagusa kesho, akaashiria jua likichomoza. Kengele nikaitega 4:00, maana simu hufuata saa za Kizungu. Tiketi za ndege nazo hufuata saa na tarehe za Kizungu, msichanganye.